Inua Mguu, Ndugu Yangu

Kiwanda kilikuwa cha viatu, na mwizi wa kiwanda cha viatu hahitaji begi. Anaingia asubuhi na ndala zilizokatika kamba, anatoka jioni na viatu vipya miguuni, na njiani anakuamkia kwa adabu zote. Ndiyo maana Koplo, mlinzi wa getini, hakuwa na mazoea ya kutazama nyuso za watu. Alitazama miguu.

Kila siku saa kumi jioni, king'ora kilipolia mara tatu, wafanyakazi walijipanga foleni mbili ndani ya kichochoro cha waya kinachoelekea getini, wanaume upande wa Koplo, wanawake upande wa Shangazi, mkaguzi mwenzake. Mikono juu. Geuka. Inua mguu wa kulia. Inua wa kushoto. Mkaguzi akikugusa bega umeruhusiwa, nenda zako. Ilikuwa hivyo miaka kumi na moja, jua na mvua, na hakuna aliyesamehewa. Meneja mwenyewe aliinua mguu.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Jina alilipata kwa ajili ya ulimi wake, ambao haukuwa na kituo. Koplo, yeye, alikuwa koplo wa kweli wa vita vya kweli, na kwenye goti lake la kulia kulikuwa na kipande cha chuma ambacho madaktari waliamua kikae humohumo, kwa kuwa kukitoa kungeleta balaa kubwa zaidi. Nusu ya vita aliimalizia kwenye kizuizi cha barabarani, akikagua watu waliokuwa wakikimbia makwao: bibi vizee wenye mafurushi, wanaume wenye hofu, akina mama wenye watoto mgongoni. Hapo ndipo alipojifunza jambo ambalo hakulisoma popote: mkono wa mkaguzi ukitetemeka, anayekaguliwa hutetemeka mara mbili, na hapo ndipo watu hufa bila sababu.

Balaa lilikuja Jumatano, saa tatu asubuhi, na halikubisha hodi.

Redio ilikuwa imeusema ugonjwa huo kwa siku mbili. Mtu aking'atwa hupata homa, hufa, kisha, mtangazaji alikohoa kidogo kabla ya kusema, huinuka. Watu kiwandani walicheka hadi wakashika mbavu. "Wakishainuka waje kazini," alisema nyapara wa ghorofani, "tuna oda ya viatu vya shule na mikono haitoshi." Asubuhi hiyo fundi mitambo alifika na kitambaa mkononi, akasema ameumwa na mbwa wa jirani. Saa moja baadaye hakuwa fundi tena, wala hakuwa mgonjwa, na waliokwenda kumsaidia hawakuwa watu tena.

Koplo alifungua geti kwa kishindo. "Tokeni! Tokeni! Leo hakuna ukaguzi!"

Watu wakamiminika barabarani kama maji ya bomba lililopasuka. Koplo alisimama pembeni akiwatazama, na safari hii alitazama nyuso. Alimtafuta mshonaji mmoja wa ghorofani, mwanamke mwembamba mwenye kilemba cha kijani, mama wa watoto wake wanne. Hakumwona. Nyuma ya watu waliokuwa wakikimbia wakatokea wengine ambao hawakukimbia. Walikokota miguu, midomo yao ikiwa myekundu. Koplo akalifunga geti ili wasitoke kwenda kuumaliza mji, na akalifunga yeye mwenyewe akiwa ndani.

Aligeuka na kukimbilia kibanda cha walinzi, kwa mbio za mtu mwenye goti moja. Shangazi alikuwa ameshaingia na kujikunja chini ya meza.

"Funga mlango, Koplo! Funga! Umeuacha wazi unangoja wageni?"

"Nimeshafunga."

"Funga tena!"

Kibanda kilikuwa cha matofali, chenye dirisha la nondo. Baada ya dakika chache vilikuwapo viganja vya watu thelathini vikipiga kuta zake. Koplo alizijua sura zote. Yule mpaka rangi. Yule mpishi wa bwalo. Yule mkata ngozi aliyeoa mwezi uliopita na kugawa soda getini. Midomo ilikuwa ikitafuna hewa, na macho yalikuwa meupe kama maziwa.

Simu ya ndani ikalia.

"Baba watoto?"

Koplo alifumba macho. "Nipo."

"Mzima?"

"Mzima. Na wewe?"

"Mzima. Tuko wanawake tisa kwenye stoo ya ngozi, huku ghorofani. Tumesukumia marobota mlangoni. Lakini huu mlango unaujua, ni mbao za kubandika. Umeshapata ufa."

"Nakuja."

"Unakuja na goti gani?"

Koplo akalishika rungu lake.

"Usije na ushujaa wako wa jeshini," alisema mkewe kwa sauti ya chini. "Nimekuuguza mara moja, inatosha. Wewe tulia, ufikiri. Na uombe. Sisi huku tunaomba kwa kunong'ona, Mungu si kiziwi."

Basi Koplo akaomba. Alipiga goti lile zima, lile bovu akalinyoosha ubavuni kama alivyozoea, na hakuwa na maneno mengi. Alisema, "Bwana, sina bunduki. Nina rungu na filimbi. Nionyeshe." Shangazi akaitikia kutoka chini ya meza, akaongeza lake: "Na uharakishe, Baba, kama hutajali."

Jibu lilikuja saa sita kamili, nalo lilikuja kwa kelele.

King'ora cha chakula kilijipigia chenyewe kwa saa ya umeme, mlio mmoja mrefu. Viganja vikaacha kupiga ukuta. Koplo akachungulia dirishani, na alichokiona kilimfanya ashike nondo kwa mikono yote miwili. Wafu walikuwa wamegeuka. Walikuwa wakiondoka, polepole, wakiburuta viatu, kuelekea bwalo la chakula. Huko walijipanga mstari mmoja mbele ya dirisha la jiko, kila mmoja amenyoosha viganja vitupu kana kwamba ameshika sahani. Mpaka rangi alijaribu kuruka mstari. Waliokuwa nyuma yake wakamrudisha kwa kifua, kama walivyomrudisha kila siku.

"Shangazi, njoo uone."

"Sioni kitu mimi."

"Wamejipanga chakula."

Kichwa cha Shangazi kikatokea kwenye ukingo wa meza. Alitazama kwa muda mrefu. "Hivi hawa," alisema, "hata kufa kumeshindwa kuwaachisha tabia?"

Saa sita na nusu king'ora kililia tena mara moja, na wafu wakarudi kazini. Ua wote ukabaki mtupu. Koplo alikuwa bado anashangaa simu ilipolia, na safari hii sauti ya mkewe ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Wamerudi. Wote wa chumba chetu. Wamekaa kwenye cherehani zao, wanakanyaga pedeli. Hakuna uzi, hakuna ngozi, wanakanyaga tu. Ila waliokaa karibu na mlango wametunusa. Wanaupiga. Mume wangu, ubao wa chini umeshatoka."

"Mlango utahimili saa moja?"

"Nusu saa, Mungu akipenda."

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro kumi. Milio mitatu ya kutoka kazini ingejipiga saa kumi. Lakini chini ya saa hiyo, kando ya dirisha, kulikuwa na kitufe chekundu, na ufunguo wa kifuniko chake ulikuwa shingoni mwa Koplo, kwa maana mlinzi ndiye aliyepiga king'ora saa hiyo ya umeme ilipoharibika.

"Shangazi," alisema. "Vaa glavu."

"Za nini?"

"Tunawatoa kazini mapema."

Alimweleza haraka, kidole kikichora kwenye meza. Mwishoni mwa kichochoro cha waya kulikuwa na mlango mkubwa wa chuma wa malori. Ukiusukuma hadi kwenye ukuta wa pili, unaziba njia ya barabarani na kuacha wazi njia ya ghala la ngozi mbichi. Ghala lilikuwa tupu tangu mwezi uliopita. Milango yake ilikuwa ya chuma, na komeo lake lilikuwa mhimili unaobebwa na watu wawili. Wafu watasikia milio mitatu, watashuka, watapita kichochoroni kama siku zote, na watajikuta ghalani badala ya barabarani.

"Vizuri sana," alisema Shangazi. "Na glavu?"

"Hawatapita bila kukaguliwa."

Shangazi alimtazama kama anayetazama mtu aliyevaa suruali kichwani. "Koplo. Mimi nimeajiriwa kukagua walio hai."

"Mkataba unasema 'wafanyakazi wote'."

"Wakague wewe wote!"

"Umewaona bwaloni. Wanafanya walivyozoea. Kuna mwanamke hata mmoja aliyewahi kukubali kukaguliwa na mimi? Watasimama upande wako mpaka kiama, na wakisimama, foleni itakwama, na ikikwama wataanza kunusa. Kule juu kuna tisa walio hai, Shangazi. Mmoja ni mke wangu."

Shangazi alivuta pumzi. Akatoka chini ya meza, akajifuta magoti, akajifunga khanga kiunoni juu ya sare. "Nikifa," alisema, "nitainuka, na wa kwanza kumng'ata ni wewe."

Ua ukiwa bado mtupu, Koplo alifungua kifuniko cha kitufe, wakatoka. Koplo aliusukuma mlango wa malori kwa bega, hatua kwa hatua, magurudumu yakilia. Alifungua ghala. Walisimama mahali pao, kila mmoja upande wake wa kichochoro, mgongo kwa kibanda. Koplo akapenyeza mkono dirishani, akasema, "Ee Mola, tushike mikono," akabonyeza kitufe mara tatu.

Milio mitatu mirefu ikapasua mchana.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu milango ya karakana ikafunguka, na wakaja. Wakaja kutoka chumba cha kukatia, kutoka chumba cha gundi, kutoka ngazi za ghorofani, kichwa kikipepesuka, mguu ukifuata mguu. Walipofika kwenye mdomo wa kichochoro wakagawanyika bila kuambiwa, wanaume huku, wanawake kule.

Wa kwanza alikuwa fundi mitambo. Siku zote alikuwa wa kwanza. Alisimama hatua moja mbele ya Koplo, akinuka damu na grisi, taya likicheza.

"Mikono juu," alisema Koplo.

Mikono ikapanda.

Koplo aliutazama mkono wake mwenyewe. Haukutetemeka. Alimpapasa mbavu, kiuno, mifuko. "Geuka." Akageuka. "Inua mguu, ndugu yangu." Mguu wa kulia ukainuka, ukarudi. Ukainuka wa kushoto. Koplo akamgusa bega, na fundi mitambo akapita, akakokota miguu hadi ghalani, akaingia kizani.

"Amepita!" alinong'ona Shangazi. "Mama yangu, amepita!"

"Wako anakungoja."

Shangazi aligeuka. Mbele yake alisimama mpaka gundi, dada mnene ambaye kila jioni waligombana. "Haya," alisema Shangazi, sauti ikipanda na kushuka. "Haya, mama, mikono. Na leo usinipe maneno." Dada mnene hakumpa maneno. Alipita, na wa nyuma yake akasogea.

Ikaenda. Kumi wakapita, kumi na tano, ishirini. Jasho lilimwingia Koplo machoni na hakuthubutu kulifuta. Kila mmoja Koplo alimwambia "samahani" kabla ya kumgusa na "asante" baada ya kumgusa bega, kama alivyofanya walipokuwa hai, kwa kuwa hakujua ni nini kilichobaki ndani yao na hakutaka kukikosea heshima. Foleni ilikuwa bado ndefu. Akafikiria ule mlango wa mbao za kubandika. Akaona afadhali apunguze kidogo. Mtu wa ishirini na moja, mpaka rangi, alimwinulia mguu wa kulia, na Koplo akamgusa bega palepale.

Mpaka rangi hakupita. Alisimama. Koo lake likaanza kukoroma. Kichwa kikainama kuelekea shingo ya Koplo, pua ikivuta hewa, na foleni yote nyuma yake ikaanza kukoroma pamoja naye, na waya ukatikisika.

"Umefanya nini?" Shangazi alinong'ona. "Koplo! Umefanya nini?"

Pumzi baridi ilikuwa sikioni mwake. Koplo hakurudi nyuma. Vitani hakurudi nyuma kwenye kizuizi, na siku ile pia walikuwa wengi. Aliweka kiganja kifuani mwa mpaka rangi, taratibu, kama mtu anayetuliza farasi. "Samahani, ndugu," alisema. "Kosa langu. Nilikuwa sijamaliza. Inua wa kushoto."

Mguu wa kushoto ukainuka. Mkoromo ukafifia nyuma mpaka ukaisha. Koplo alimgusa bega, na tangu hapo hakuruka mguu wa mtu.

Wa thelathini alikuwa yule mkata ngozi, bwana harusi. Koplo alipompapasa mgongoni alishika kitu kigumu chini ya shati. Mkono, kwa mazoea, ukakivuta kabla akili haijauzuia. Zilikuwa soli mbili za mpira, ndogo, za kiatu cha mwanamke, zimefungwa kwa kamba.

Mkata ngozi akainamisha kichwa. Hakukoroma, hakunusa. Alisimama na mikono juu, kichwa chini, kama mtu anayengoja kupelekwa kwa meneja.

Kwa kanuni Koplo alipaswa kumtoa kwenye foleni na kuandika. Badala yake alizirudisha soli chini ya shati, akalinyoosha shati vizuri, akamgusa bega. "Leo nenda nazo," alisema. "Msalimie."

Na hapo simu ikalia kibandani.

Ikalia, ikalia. Koplo alikuwa na mtu mbele yake amenyanyua mguu mmoja. Hakuweza kuondoka. "Shangazi!"

"Nina mikono mingapi?"

"Dirishani! Uko karibu!"

Shangazi, huku mkono mmoja ukimpapasa mpishi wa bwalo, alipitisha mwingine kwenye nondo, akavuta simu pamoja na waya wake, akainyoosha juu ya kichochoro, akamsukumia Koplo kati ya sikio na bega.

"Wameondoka," alisema mkewe, akihema. "Wote wameshuka. Isipokuwa mmoja."

"Nani?"

"Moja-Moja."

Koplo akajua mara moja. Moja-Moja ndilo jina walilompa nyapara wa ghorofani, kwa sababu hakuondoka kazini hata siku moja kabla ya mfanyakazi wa mwisho. Aliwahesabu wanapotoka, kidole mgongoni, mmoja mmoja, na idadi isipotimia yeye hashuki.

"Anafanya nini?"

"Alizunguka cherehani zote. Sasa amesimama mlangoni kwetu. Hapigi. Amesimama tu. Ubao umeshatoka, naona suruali yake."

"Anawangoja. Idadi haijatimia." Koplo alimgusa mtu bega, mwingine akasogea. "Mikono juu, samahani. Mke wangu, sikiliza. Tokeni."

"Tutoke wapi?"

"Tokeni kazini. Kazi imekwisha. Funikeni cherehani, jipangeni, mpite mbele yake kama siku zote. Geuka, ndugu. Msikimbie, msipige kelele. Awahesabu."

"Atuguse mgongo? Yule?"

"Awaguse."

Mkewe akasema, "Baba watoto, ukitoka hapo salama nitakupeleka ukapimwe kichwa."

"Nipeleke. Mkishuka, ingieni foleni ya Shangazi, mkaguliwe sawasawa, maana Moja-Moja atakuwa nyuma yenu anaangalia. Mkono wa kulia baada ya ukaguzi kuna mlango wa chumba chetu cha kubadilishia nguo. Ingieni humo, mfunge komeo. Inua mguu, ndugu yangu. Wa kushoto."

Mkewe hakukata simu. Aliiweka chini tu, na Koplo, huku mikono yake ikifanya kazi, akabaki na sikio lake ghorofani. Alisikia marobota yakiburutwa. Alisikia mlango ukilia. Mwanamke mmoja alianza kulia na mwingine akamziba mdomo. Halafu vitambaa vikifunikwa juu ya cherehani, fu, fu, fu, kama kuku wakijikung'uta. Halafu hatua.

Na mkoromo mfupi. Mmoja.

Koplo akahesabu naye. Mkoromo wa pili. Wa tatu. Wa nne. Kila mkoromo ulikuwa mgongo wa mtu aliye hai chini ya kidole cha maiti. Wa tano. Wa sita. Mbele yake mfu alikuwa ameshageuka na kugeuka tena akingoja. Koplo akamgusa bega bila kujua ni nani. Wa saba. Wa nane.

Wa tisa ulichelewa.

Alijua wa tisa ni nani. Mwanamke yule hakuwahi kukaa mbele ya mtu kwenye msafara wowote, wala kupakua chakula chake kabla ya wengine. Angewatanguliza wote nane. Koplo alisimama, kiganja hewani, midomo ikisema jina la Mungu bila sauti, na mfu aliyekuwa mbele yake akamsubiri kwa uvumilivu.

Mkoromo wa tisa.

"Asante," alisema Koplo, na hakuwa akimwambia mfu.

Wanaume walikuwa wamekwisha. Upande wa wanawake walibaki wanne wafu, na nyuma yao, kwenye jua, zikatokea sura tisa za majivu, wakitembea taratibu, macho mbele, mikono imeshikana kwa vidole vidogo. Nyuma yao kabisa alikuja Moja-Moja, mrefu, shati limechomekwa, funguo zikigongana kiunoni.

Wa kwanza katika walio hai alifika kwa Shangazi. Shangazi, ambaye alikuwa ameshazoea mbavu baridi, aliweka mkono na kuruka. "Wa moto huyu!"

"Mpumbavu, mimi ni mzima!" alinong'ona yule mwanamke bila kufungua meno.

"Sasa si useme!"

"Mkague," alisema Koplo. "Mkague wote. Anatazama."

Moja-Moja alikuwa amesimama mkiani mwa foleni, kichwa upande, akifuatilia kila mkono. Shangazi alimkagua kila mmoja kwa ukamilifu: mikono, mgeuko, mguu wa kulia, wa kushoto, bega. Mmoja alitetemeka hata akashindwa kusimama kwa mguu mmoja, na Shangazi akamshika kiwiko, akamwambia polepole, "Simama, mwanangu, kama jana tu, kama jana." Mmoja baada ya mwingine wakaingia mlango mdogo.

Wa tisa alipita. Kilemba cha kijani kilikuwa kimeteleza sikioni. Alimtupia Koplo jicho moja. "Jasho linakutoka kama bomba," alisema chini ya pumzi, akaingia, na komeo likasikika.

Akabaki nyapara. Akaja upande wa Koplo, akanyoosha mikono juu. Koplo alimkagua kama alivyowakagua wengine, hakuongeza wala kupunguza. Alipomgusa bega, Moja-Moja hakwenda. Alitoa funguo kiunoni, akazining'iniza mbele.

"Daftari," alinong'ona Shangazi. "Huwa anatia saini."

Koplo alilivuta daftari dirishani. Kalamu haikukaa kwenye vidole vile vilivyokakamaa, kwa hiyo akavifumbata vyote kwa kiganja chake, akausogeza mkono ule mzito juu ya karatasi. Ukachora mstari uliopinda. Koplo akapokea funguo.

"Wametoka wote, bwana," alimwambia. "Hesabu imetimia. Sasa kapumzike."

Moja-Moja aligeuka. Alikwenda hadi ghalani bila haraka, kama mtu aliyemaliza siku yake, akaingia kati ya wenzake. Koplo na Shangazi wakavuta milango, wakabeba mhimili wa chuma, ukaanguka mahali pake kwa mlio ambao waliusikia hadi tumboni.

Koplo aliweka viganja kwenye mlango wa chuma. Aliwaombea wale sitini na mmoja waliopita, akiwataja kwa kazi zao, kwa kuwa majina ya wengine hakuyajua: mpaka rangi, mpishi, fundi, bwana harusi.

Wanawake tisa wakatoka kwenye chumba cha kubadilishia. Walikaguana wenyewe mikono na shingo, hakuna aliyeng'atwa. Ndipo wakaanza kulia na kucheka kwa wakati mmoja, na Shangazi akalia kuliko wote, huku akiwasimulia jambo lililotokea wote wakiwapo. Mke wa Koplo alimwendea mumewe, akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Umekula?"

"Bado."

"Nilijua."

Koplo alicheka mpaka goti likamwuma. Alikuwa hajamaliza kucheka waliposikia mtu akipiga bati ng'ambo ya barabara. Juu ya paa la kibanda cha kiwanda cha nyuzi alikuwa mlinzi wa huko, mzee mwenye kofia, akipunga shati lake kama bendera. Chini yake ua ulikuwa umejaa vichwa vinavyopepesuka.

"Majirani!" alipiga kelele. "Wenzenu mmewafanya nini? Mbona kwenu kimya?"

Koplo alimtazama mkewe. Mkewe akakifunga kilemba upya, kwa kukaza, kama anayejiandaa kwa zamu ya pili.

"Usisimame hapo," alisema. "Mwelekeze mwenzio."

Koplo akapanda juu ya pipa la maji, akaweka viganja mdomoni. "Mzee! Hapo kwenu mnawatoaje watu kazini?"

"Kwa kengele!"

"Kisha?"

"Kisha wanagonga kadi kwenye mashine, mmoja mmoja! Unauliza ya nini?"

"Na mashine iko wapi?"

Mzee alinyoosha mkono kuelekea jengo dogo lenye mlango mmoja wa chuma unaofungwa kwa nje. Halafu mkono wake ukabaki hewani, na hata kutoka ng'ambo ya barabara waliona kinywa chake kikifunguka polepole.

"Ameelewa," alisema Shangazi, akijifuta machozi kwa glavu. "Ameelewa, huyo mzee! Haya, mzee wangu, piga!"

Mzee akavuta kamba iliyokuwa palepale paani, na kengele ya kiwanda cha nyuzi ikaanza kulia.